Kimebaki Kipande

Kwetu Njombe ukionekana umesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, umepona. Hakuna anayekuuliza zaidi. Majirani wanapita, wanakwambia "Kamwene," unaitikia, wanatupia jicho miguu yako, wanaona inakubeba, wanaondoka na habari njema. Mimi nilikuwa na kovu refu katikati ya mabega, nyuzi zimetolewa juzijuzi tu, mguu wa kushoto unasikia nusunusu, na kila aliyepita nje ya nyumba ya mama aliniambia nimerudi na afya tele. Nilichoka kubisha. Nikawa nakunywa chai yangu.

Biashara yangu ni viazi. Nanunua mashambani, Kifanya na vijiji vya jirani, nakusanya Makambako, napakia kwenye malori yanayoteremka Dar es Salaam. Ni kazi ya kusimama kutwa, kugombana na madalali na kukanyaga matope, na naipenda. Mume wangu alifariki zamani, watoto wako shule za bweni, kwa hiyo hakuna mtu wa kuniambia rudi nyumbani mapema. Nasema haya ili ieleweke kwamba miguu kwangu si pambo.

Ugonjwa ulianza na kiatu. Ilikuwa Julai, Makambako inapopigwa na upepo mpaka meno yanagongana, nami nimekaa kwenye kibanda changu cha mabati, jiko la mkaa miguuni. Nikasikia harufu ya raba inaungua. Nikamfokea mama ntilie wa jirani kwamba anachoma mifuko ya plastiki. Mama wa watu akaja, akachungulia, akapiga ukelele: raba inayoungua ilikuwa yangu, nimeivaa. Soli ilikuwa inayeyuka na ngozi ya mguu imeshaanza kubabuka, na mimi sikusikia joto wala maumivu. Nilicheka, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Usingizi haukuja vizuri tangu siku hiyo.

Hospitali za huku kwetu waliniambia ni baridi yabisi. Wakaniambia ni presha. Mwingine akaniambia ni umri, na huyo nilimjibu vibaya. Kifua kilikuwa kinabana kama nimefungwa kanga kwa nguvu, mguu unaburuta, na bado nikapewa dawa za kuchua. Nilibishana nao mpaka nikapelekwa Dar es Salaam kupigwa picha ya MRI, na picha ikaonyesha uvimbe. Haukuwa kwenye mfupa. Ulikuwa ndani kabisa, katikati ya uti, ule mshipa mkubwa wa fahamu unaopita ndani ya mifupa ya mgongo na kupeleka habari zote kati ya kichwa na miguu. Walisema ni uvimbe nadra. Nilitamani ningekuwa na kitu cha kawaida, kitu ambacho jirani yangu naye alikuwa nacho akakishinda.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenisindikiza kwenye operesheni. Ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Kikristo, mtu wa sala na mtu wa kazi, na sitaki mtu amchukie kwa haya ninayoyaeleza. Alilala kwenye mabenchi ya hospitali, alinifulia nguo, alinilisha uji kwa kijiko. Kosa la hospitali ile, kama la nyingi, lilikuwa kumwambia yeye kila kitu, mimi nimelala pale kama gunia linalosubiri lori. Wanasema naye juu ya kichwa changu, anaitikia kwa kichwa, anatia sahihi. Nikawa nauliza, "Jamani, mgongo ni wa nani?" Wauguzi wanacheka, wanafikiri natania.

Daktari aliyenipasua alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kiumri. Siku moja kaka ametoka kwenda kutafuta tiketi za basi, daktari akaja akakaa kitandani kwangu.

"Mama, haya nataka nikwambie wewe mwenyewe," alisema. "Tumetoa sehemu kubwa ya uvimbe. Ila kimebaki kipande. Kimeng'ang'ania mshipa wenyewe. Ningekifuata, ungeamka huna habari na miguu yako."

"Kwa hiyo ukakiacha."

"Nikakiacha, kwa makusudi."

"Na sasa?"

Akanieleza pole pole. Kuna njia ya kusubiri, niwe napigwa picha kila baada ya miezi kadhaa, wao wanakitazama. Kuna mionzi. Kuna kufungua tena huko mbele kikianza kukua, ingawa kufungua mara ya pili ni kugumu kuliko mara ya kwanza. Zile dawa za saratani za kwenye dripu, akasema, kwa uvimbe wa aina hii kwa watu wazima hazijasaidia sana, na hatanipa matumaini ya dawa ambayo yeye mwenyewe haiamini.

Nikamuuliza angekuwa yeye angefanya nini. 

"Nasubiri majibu ya kile kinyama tulichopeleka maabara. Na hata yakija, mama, uvimbe huu ni wa nadra. Hata huko duniani madaktari hawajauona kwa watu wengi kiasi cha kukubaliana jambo moja. Tutakaa na wenzangu, tutakwambia tunaona lipi ni bora. Kuchagua ni kwako."

Nilimpenda hapo hapo. Nimezoea watu wanaojua kila kitu, ndio wanaoniuzia viazi.

Kaka hakuyasikia hayo. Yeye huko korido alikuwa ameshasikia neno lake moja kutoka kwa muuguzi: operesheni imefanikiwa. Akalichukua neno hilo akalifunga lumbesa, kama wanavyofunga gunia la viazi pale Makambako, ukishajaza gunia unaongeza na kilima juu na kamba za kukishikilia. Kabla basi la kurudi halijafika Iringa, kundi letu la ukoo kwenye WhatsApp lilikuwa limejaa mikono ya kusali. Dada amepona. Dada amepona kabisa. Nilijaribu kuandika, "Bado kuna kipande," shangazi mmoja akanijibu, "Usikiri udhaifu." Nikazima simu.

Sasa lazima nieleze habari ya shukrani, maana bila hiyo mgeni hatatuelewa. Familia ikipata neema kubwa, inakwenda parokiani Jumapili na kushukuru mbele ya watu. Mnaingia kwa maandamano, mnacheza, kwaya inaimba, mbele mmebeba mahindi, viazi, kuku, na kama neema ni kubwa sana, mbuzi. Mmoja anasimama anaeleza Mungu amewatendea nini. Misa ikiisha, vitu vinapigwa mnada pale nje. Ni jambo zuri na mimi mwenyewe nimelicheza mara nyingi. Lakini likishafanyika, limekwisha. Ukishawaambia watu wote umeponywa, wamekula na kupiga vigelegele, huwezi kesho kuonekana kwenye basi la kwenda hospitali. Utakuwa umemfanya Mungu mwongo, au familia yako waongo, na watu hawatakosa la kuchagua.

Kaka alitangaza tarehe ya shukrani yangu parokiani kabla majibu ya maabara hayajatoka.

Alhamisi kabla ya Jumapili hiyo nilikuwa shambani kwa mama nafanya mazoezi. Yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini aliniagiza nitembee kila siku mahali ambapo si tambarare, nami nikachagua matuta ya viazi, navuka moja moja, naangalia mguu wa kushoto kwa macho kwa sababu wenyewe hauniambii umekanyaga wapi. Simu ikaita, daktari. Nikakaa juu ya tuta.

Majibu yalikuwa katikati. Uvimbe si wa aina ile kali kupita zote, na si wa kupuuzia. Unakua taratibu, lakini kilichobaki kikiachwa kuna uwezekano mkubwa kitaendelea. Wamekaa jopo zima, wengi wanaona mionzi ni bora, kwa kuwa kimebaki na hawawezi kukifuata kwa kisu. Akanieleza na ubaya wake bila kuufunika: uchovu, koo kuuma wakati wa kumeza, ngozi ya mgongoni kuwa nyeusi, na kwa wachache, huko mbeleni, mionzi yenyewe kuujeruhi ule uti. "Kusubiri nako si kosa," akasema. "Ila ukisubiri, usikose picha hata moja. Nafasi ya mashine ipo wiki ijayo. Ikikupita, foleni ni ndefu."

Nilikaa pale kwenye tuta mpaka suruali ikalowa. Niliogopa, sifichi. Nilikiogopa kile kilichobaki ndani yangu na nikaiogopa dawa yake. Halafu nikakasirika, na hasira ndiyo iliyoninyanyua.

Jioni tulikaa jikoni kwa mama, kwenye moto: mama, kaka na mimi. Nikawaambia. Mama aliendelea kumenya viazi bila kunyanyua macho. Kaka alisugua magoti yake muda mrefu.

"Mdogo wangu, daktari si amesema kusubiri kupo?"

"Kupo."

"Basi subiri. Tufanye shukrani yetu Jumapili, watu wamejiandaa, paroko anajua. Huko mbele tutaona."

"Kaka, wewe unataka nisubiri kwa sababu ya mgongo wangu au kwa sababu ya mbuzi?"

"Usinidharau mbele ya mama." Akashusha sauti. "Mionzi inaunguza watu. Wangapi walikwenda wakarudi kwenye jeneza? Mungu amekuinua kitandani, unatembea. Wewe unataka kwenda kumwambia hakumaliza kazi?"

Hapo ndipo penye ugumu, na nilikuwa naujua. Kusubiri ilikuwa njia halali. Kama uvimbe wangu ungetoka wote, labda ningeichagua mwenyewe kwa furaha. Lakini kusubiri kwa daktari ni kazi: ni kusafiri kwenda kwenye picha, kuingia kwenye lile bomba linalopiga kelele, kungoja majibu roho mkononi, halafu kurudi tena kufanya hivyohivyo. Kusubiri kwa huku kwetu ni kukaa. Niliwajua ndugu zangu na nilijijua. Picha ya kwanza ingegongana na msimu wa kuvuna, ya pili na msiba wa mtu, ya tatu ningeambiwa mbona unatembea vizuri tu, unatafuta nini. Mle jikoni kusubiri kungegeuka kupona, na kipande kingekua kimya kimya huku watu wananipongeza.

"Mimi naenda kwenye mionzi," nikasema. "Jumatatu napanda basi Makambako."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nitakuja kushukuru."

Akadhani amenishinda nusu. 

Jumapili kanisa lilijaa. Niliingia na familia nikicheza kwa mguu mmoja na nusu, na vigelegele vilivyopigwa sijawahi kupigiwa hata siku ya harusi yangu. Mbuzi alikuwa mweupe, amefungwa utepe shingoni, anagoma kupanda ngazi. Kaka akashika kipaza sauti. Alieleza vizuri, ana karama hiyo: dada alikuwa hawezi, ameletwa amebebwa, sasa mnamwona. Sikuwahi kubebwa, lakini hilo nikaliacha lipite. Mwisho akasema, "Amepona kabisa," na kanisa likalipuka.

Paroko akaniangalia, akaniuliza kama ninalo neno. Kaka alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Nilikivuta. Hakukiachia mara moja, na watu wa mbele waliona.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele amina."

"Mimi sijapona."

Kwaya ilikuwa inajiandaa kuanza, mpiga kinanda akaondoa mikono. 

"Nashukuru nilipasuliwa nikaamka. Nashukuru natembea, nashukuru kwa kaka yangu aliyelala kwenye benchi kwa ajili yangu. Hayo ni ya kweli na mbuzi huyu ni wa hayo. Lakini kimebaki kipande kwenye uti wa mgongo wangu. Kesho nakwenda Dar es Salaam kupigwa mionzi. Sijui kama itanisaidia, na madaktari nao hawana uhakika. Mkiniona nimerudi natembea, msiseme amepona. Mkiniona nimerudi kwenye kiti cha magurudumu, msiseme Mungu amemwacha wala msiseme alikosa imani. Atakayesema hivyo nikimsikia, tutaonana."

Mtu mmoja akacheka kwa nyuma, kwa hofu zaidi kuliko kwa furaha. Paroko alikohoa, akasema, "Basi tumshukuru Mungu kwa hatua hii," akabariki mbuzi. Kwaya ikaanza, imechelewa na imepoteza sauti. Mama alikuwa kwenye benchi lake na rozari. Nilipopita karibu naye alinishika kiganja akakibana mpaka pete yake ikaniumiza.

Nje mnada uliendelea. Kaka alipita upande wa pili wa uwanja na hakuniaga.

Jumatatu nilisimama stendi ya Makambako peke yangu na begi langu. Wapakizi wangu wa viazi walikuja kunibebea, wakanitania kwamba nikirudi nitakuwa nawaka kama balbu, wataokoa umeme. Niliwatukana kidogo, nikapanda, nikalia kuanzia kona ya kwanza. Nilishajionyesha jasiri vya kutosha mbele ya watu na sikuwa na deni la ujasiri kwa abiria.

Mionzi haina habari ndefu, na hilo ndilo linalochosha. Walinichora mgongoni alama ndogo za wino za kuongozea mashine, alama ambazo hazifutiki hadi leo. Kila siku isipokuwa mwisho wa wiki nalala kifudifudi, wananipanga, wanatoka wote wananiacha na mlango mzito, mashine inavuma, wanarudi, inuka mama. Husikii kitu. Baadaye ndio unasikia: chai inapita kooni kama mchanga, uchovu unakukalia hata ukiwa umeketi, nikiinamisha kichwa shoti inateremka mgongoni. Na joto la Dar es Salaam, mimi mtu wa Njombe, nalitukana mpaka leo. Kwenye foleni nilikutana na wagonjwa wa kila aina na hakuna hata mmoja mwenye uvimbe kama wangu. Tulijuliana hali hata hivyo. Simu ya mama kutoka nyumbani iliita kila jioni. Ya kaka haikuita.

Nilirudi msimu wa mvua, miti ya Kifanya inatoa ukungu. Nimekonda, natembea, na fimbo. Watu walikuwa wamefundishika kidogo: wananiambia "Kamwene," halafu wanasita, wanatafuta neno la kuweka mahali pa lile walilozoea. Wengine waliamua kunikwepa, ni rahisi kwao. Kaka alinisalimia kama anavyomsalimia bwana shamba, mambo ya shamba tu. Iliniuma kuliko koo. Ningeweza kwenda kumwomba radhi, na ingekwisha siku hiyo hiyo. Sikuenda. Kumwomba radhi kungekuwa kusema kipande hakipo.

Halafu nikaenda kwenye picha, kama nilivyoagizwa. Daktari aliziweka mbili sambamba kwenye kioo, ya zamani na mpya, akanionyesha kwa kalamu. Kipo. Kiko palepale, hakijakua, labda kimesinyaa kidogo, hawezi kuapa. "Tutaendelea kukitazama," akasema. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema, "Mimi na wewe, mama, tutazeeka nacho tukibahatika."

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilisali nyumbani kwa mama. Nilikaa kwenye mkeka karibu na mlango, mguu nimeunyoosha. Baada ya somo ikaja zamu ya maombi, kila mmoja anatoa lake: mvua, wanafunzi wanaofanya mitihani, marehemu. Kiongozi wa sala aliyeketi karibu nami akaninong'oneza, "Wewe tukuombee nini?" Nikamjibu kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Niombeeni kisikue. Basi."

Watu wakainamia mkeka. Nilijua wanachokiona kigumu: kumwomba Mungu kitu kidogo namna hiyo, kilichobaki kibaki kilivyo, kila mara, bila kuja siku ya kucheza na mbuzi. Mtu wa kwanza kukohoa alikuwa kaka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwenyekiti, kofia magotini, anaitazama kofia.

"Ee Bwana," akaanza, akakwama, akaanza tena. "Kile kipande kilichobaki kwenye mgongo wa mdogo wangu. Kisikue."

Tangu hospitalini hakuwahi kulitamka neno hilo, kipande.

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," jumuiya ikaitikia, na mimi niliitikia kwa sauti kuliko wote.